KONA YA FUNDI: Hedifoni ya bila waya na kompyuta ya watu wote

Asanteni kwa barua mnazotumbukiza kwenye sanduku letu. Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja: hizi hedifoni za bila waya, zinaunganishwa vipi na kompyuta?

Swali hili lina sababu. Hedifoni za waya tunazijua tabia yake: waya unakatika pale karibu na pini, sikio moja linakufa, mtoto anakaa ameukunja waya kwa mkono ili asikie mwalimu. Sasa zile za bila waya zimejaa sokoni, na ndugu walio Ulaya, Marekani, Kanada na Australia wanazituma. Nyumbani inafunguliwa boksi, taa inawaka, lakini sauti hakuna. Mtoto anasema, "Papa, hii kitu imekufa." Inapelekwa kwa fundi, pesa inatoka, kumbe haikuwa na ubovu wowote.

Lakini kuna barua moja imetufanya tuandike mambo mawili badala ya moja. Mama mmoja anasema alikuwa kwenye chumba cha kompyuta akiongea na binti yake aliyehamishiwa nchi ya tatu. Walikuwa wanaongea habari za ugonjwa, mambo ya ndani ya familia. Katikati ya mazungumzo betri ya hedifoni ikaisha, na sauti ya binti ikatoka kwenye spika za kompyuta. Chumba kizima kikasikia. Mama huyo anauliza: "Ningefanya nini ili isitokee tena?"

Basi leo tutafundishana kuunganisha, na pia tutafundishana kulinda siri. Kwa sababu hapa kambini kompyuta si ya mtu mmoja. Anatoka huyu, anakaa yule. Kwenye kompyuta ya watu wote, kuunganisha ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuachanisha.

BLUETOOTH NI NINI?

Bluetooth ni redio ndogo. Ndani ya hedifoni kuna redio, ndani ya kompyuta kuna redio, na hizo mbili zinaongea kwa mawimbi ya gigahezi 2.4. Haitumii laini ya simu, wala haili bando. Wengi mmeuliza hilo, jibu ni hilo: Bluetooth yenyewe haili data hata kidogo. Kinachokula data ni video unayotazama.

Kampuni tano, yaani Ericsson, Intel, Nokia, Toshiba na IBM, zilikubaliana mwaka 1998 kuitengeneza kwa utaratibu mmoja, ili kifaa cha huyu kiongee na kifaa cha yule. Jina walilichukua kwa Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ambaye jina lake la utani lilikuwa "jino la buluu". Anakumbukwa kwa kuunganisha watu waliokuwa wametengana. Ile alama unayoiona kwenye simu ni herufi mbili za zamani za jina lake, zimeunganishwa.

Umbali wake ni kama mita 10 hivi, kwa vifaa vingi. Bati linazuia mawimbi haya vibaya, na ukuta mnene wa udongo unayapunguza nguvu. Mwili wa mtu pia unazuia, maana mwili una maji mengi. Lakini turubai halizuii kitu. Kumbuka hilo la turubai, tutalirudia.

KUOANISHA

Neno linalotumika kwenye simu zenye Kiswahili ni "oanisha". Ni neno zuri, maana linatoka kwenye kuoana. Mara ya kwanza vifaa viwili vinapokutana lazima vitambulishane, kila kimoja kikubali, na kila kimoja kiandike jina la mwenzake kwenye kumbukumbu yake. Hiyo ndiyo ndoa. Baada ya hapo havihitaji tena sherehe. Ukiwasha tu, vinatafutana vyenyewe.

Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Wanawasha hedifoni, wanafungua kompyuta, wanangoja. Hedifoni imewaka, ndiyo, lakini haiko tayari kutambulishwa kwa mgeni. Kuwashwa ni jambo moja, kuwa tayari kuoanishwa ni jambo lingine. Ukishika hili, umemaliza nusu ya shida.

Hatua ya kwanza: ichaji kwanza. Hedifoni yenye betri kidogo inaunganika halafu inakatika, unadhani ni mbovu. Unaweza kuichaji kwa waya wa USB kwenye kompyuta hiyo hiyo, au kwenye sola. Betri yake ni ndogo sana kuliko ya simu, hivyo haili umeme mwingi.

Hatua ya pili: zima Bluetooth kwenye simu iliyoizoea. Hedifoni ina tabia ya mbuzi, ikifunguliwa inakimbilia zizi la jana. Kama jana ilikuwa kwa simu ya baba, leo ikiwashwa itaitafuta simu ya baba, hata kama iko mfukoni mwake nje ya mlango.

Hatua ya tatu: iweke tayari kuoanishwa. Zile kubwa za kufunika masikio, nyingi zinafanya hivi: zima kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie bila kuachia, sekunde tano mpaka kumi. Usiachie taa inapowaka mara ya kwanza. Endelea kushikilia mpaka taa ianze kupepesa haraka, mara nyingi buluu na nyekundu kwa zamu, au nyeupe. Nyingine zinasema kwa sauti "pairing". Zile ndogo za ndani ya kiboksi, fungua kifuniko. Kama kiboksi kina kitufe, kishikilie mpaka taa ipepese. Kama hakina, nyingi zinakuwa tayari zenyewe zinapotolewa mara ya kwanza. Kikaratasi kilichokuja kwenye boksi kinaeleza, msikitupe.

Hatua ya nne: nenda kwenye kompyuta. Kompyuta nyingi tunazotumia zina Windows. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi I. Itafunguka sehemu ya "Settings". Kama kompyuta iko kwa Kifaransa utaona "Paramètres". Kwenye Windows 11 bofya "Bluetooth & devices", halafu "Add device". Kwenye Windows 10 bofya "Devices", halafu "Add Bluetooth or other device". Kwa Kifaransa tafuta neno "Ajouter". Hakikisha kile kiswichi cha Bluetooth kimewashwa. Kisha chagua "Bluetooth", ile ya kwanza kabisa.

(Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 2025, lakini kompyuta zenye hiyo bado zinawaka na hedifoni zinaunganika kama kawaida.)

Hatua ya tano: ngoja jina la hedifoni litokee, libofye mara moja, ungoje. Usibofye mara kumi kwa hasira. Ikiandika "Connected", mmeelewana. Ikiomba namba za siri, hasa hedifoni za zamani, jaribu 0000. Ikikataa jaribu 1234.

Wenye kompyuta za Mac: bofya alama ya tofaa juu kushoto, fungua "System Settings", tafuta Bluetooth, na mbele ya jina bofya "Connect". Wenye Chromebook: bofya pale penye saa, chini kulia, utaiona alama ya Bluetooth.

IMEUNGANIKA LAKINI SAUTI HAKUNA

Tulizana, hii ni kawaida. Kompyuta ina midomo mingi ya kutolea sauti: spika zake, tundu la waya, na sasa hedifoni. Lazima uiambie itumie mdomo upi. Chini kulia kwenye kioo kuna alama ya spika. Kwenye Windows 10 ibofye, halafu bofya kile kishale kidogo kilicho juu ya mstari wa sauti, uchague jina la hedifoni yako. Kwenye Windows 11 bofya hapo hapo, na pembeni ya mstari wa sauti kuna kialama kingine; ukikibofya utaona orodha.

Kwenye orodha unaweza kuona hedifoni yako imeandikwa mara mbili, moja kama "Headphones" na nyingine kama "Headset" au "Hands-Free". Zote ni zako. Ya kwanza ni ya kusikiliza tu, sauti yake ni safi. Ya pili ni ya kusikiliza na kuongea. Ndiyo maana kijana mmoja ameuliza, "Mbona nikipiga video sauti inakuwa kama ya simu ya zamani?" Hedifoni nyingi, maikrofoni yake ikianza kufanya kazi, njia inagawanywa kwa sauti ya kwenda na ya kurudi, na ubora unashuka. Si ubovu. Ukitaka sauti safi ya kusikiliza mwalimu huku unaongea, acha hedifoni isikilize tu, na kwenye programu ya kupigia simu chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe. Lakini basi ukae karibu nayo.

SHIDA NYINGINE MLIZOANDIKA

"Alama ya Bluetooth haipo kabisa." Kwanza angalia kama kompyuta haijawekwa kwenye hali ya ndege, ile alama ya kindege. Laptopu nyingine zina kitufe cha kuzima mawimbi, kwenye mstari wa juu wa vitufe. Kama ni kompyuta ya mezani ya zamani, inawezekana haina hiyo redio ndani. Dawa ni kidude kidogo cha USB cha Bluetooth, kinachomekwa kama flashi. Kwenye Windows 10 na 11, vingi vinajitambulisha vyenyewe.

"Yangu imekuja na kidude chake." Baadhi ya hedifoni zinakuja na kidude cha USB cha kwao. Hiyo wala haihitaji hatua tulizosema. Chomeka kidude, washa hedifoni, basi. Ila kidude hicho kimeumbwa kwa ajili ya hedifoni hiyo. Kikipotea, cha jirani mara nyingi hakitakusaidia. Kifungeni kwa uzi au mkitunze kwenye mfuko wake.

"Tulipewa hedifoni nyingi za aina moja, darasani zinachanganyikana." Zote zina jina moja, na kompyuta haijui ipi ni yako. Mkiwasha wote kwa pamoja, wewe utaunganika na ya jirani na jirani na ya mwingine. Mfanye kwa zamu: mmoja anawasha, anaoanisha, anahakikisha anasikia, ndipo wa pili awashe. Inachukua muda mwanzoni tu.

"Sauti inakatika-katika." Sogea karibu. Toa hedifoni au kompyuta karibu na bati. Kama chumba kina watu wengi na Wi-Fi pia iko kwenye gigahezi 2.4, mawimbi yanagongana kama watu sokoni. Angalia pia betri.

"Watoto wawili wanaweza kusikiliza kompyuta moja?" Kwa kawaida kompyuta inapeleka sauti kwenye hedifoni moja ya Bluetooth kwa wakati mmoja. Kwa watoto wawili au watatu, bora hedifoni za waya na kile kigawanyio chenye matundu mawili. Bila waya si lazima iwe bora kwa kila kazi. Na hedifoni nyingi kubwa za bila waya zina tundu la waya pia. Betri ikiisha, chomeka waya uendelee na somo.

SASA TUJE KWENYE SIRI

Turudi kwa mama yule aliyetuandikia. Kompyuta ilifanya kilicho kawaida yake: hedifoni ikizimika, sauti inatafuta mlango mwingine, na mlango wa karibu ni spika. Haikuuliza mtu.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kabla hujaunganisha hedifoni, shusha sauti ya spika za kompyuta mpaka sifuri. Ndiyo, kabla. Windows inakumbuka kiasi cha sauti cha kila kifaa peke yake: spika zina kiasi chao, hedifoni ina chake. Ukizima spika kwanza, halafu ukaunganisha hedifoni na kuipandisha, basi hata hedifoni ikifa katikati ya maneno, spika zitabaki kimya. Utaona mdomo wa binti yako unacheza bila sauti, utamwambia ngoja kidogo. Ni hayo tu, wala hakuna aliyesikia.

Fanya na jaribio. Kabla ya kupiga simu, cheza kitu kisicho na siri, wimbo au habari. Kivue kifaa masikioni, usikilize chumba. Kuko kimya? Vaa, piga.

La pili ni gumu zaidi, na wengi hawalijui. Tulisema vifaa vikishaoana vinakumbukana. Fikiria: umemaliza, umetoka, umekaa nje kwenye kivuli, umbali wa mita sita au saba, hedifoni bado iko masikioni na imewaka. Ndani amekaa mtu mwingine kwenye kompyuta ile ile. Kama hukuachanisha, sauti ya simu yake inaweza kukufuata wewe hapo nje. Turubai halizuii. Yeye anashangaa mbona hasikii kitu, na wewe unasikia habari za nyumba ya mtu. Unaweza kuwa mtu mwema ukavua haraka. Je, wote ni wema?

Na hata kesho yake, ukipita na hedifoni imewashwa, inaweza kuunganika tena yenyewe, wakati mwenzako yuko katikati ya mahojiano yake au anaongea na mwanasheria wake. Ndugu zangu, tunajua sote mazungumzo yanayofanyika mbele ya kompyuta hizi. Kuna anayeeleza kilichompata njiani. Kuna anayetafuta mtoto aliyepotezana naye. Kuna anayeongea na mshauri wa mambo ya moyo. Maneno kama hayo yakitoka nje ya chumba, yanaweza kuvunja nyumba, au hata kumhatarisha mtu.

Kwa hiyo ukimaliza, toa talaka. Rudi kwenye "Settings", sehemu ya Bluetooth. Kwenye Windows 11, pembeni ya jina la hedifoni yako kuna vidoti vitatu. Bofya, chagua "Remove device". Kwenye Windows 10 bofya jina lenyewe, itatokea "Remove device". Itauliza kama una hakika, jibu "Yes". Kwenye Mac neno ni "Forget". Jina likiondoka kwenye orodha, kompyuta imekusahau. Siku nyingine utaoanisha upya, dakika mbili tu.

Na wewe unayekaa baada ya mwenzako: kabla ya kupiga simu yako, fungua orodha hiyo uangalie. Ukikuta hedifoni usiyoijua, iondoe. Si uchokozi. Ni kama kufunga mlango kabla ya kuoga. Kama kompyuta inakukatalia kubadilisha kitu, mwite msimamizi wa chumba, usiendelee na simu.

Hata nyumbani ni hivyo hivyo. Hedifoni ya mkubwa ikiwa imeoana na simu yake na laptopu ya familia, mtoto akivaa anaweza kusikia simu isiyo ya umri wake. Vijana nao wana siri zao halali. Mzazi asikimbilie kuvaa hedifoni ya binti yake ili kuchungulia. Ukiwa na wasiwasi, muulize.

Jambo la mwisho hapa: hedifoni inaficha sauti ya mwenzako tu. Mdomo wako haifichi. Tena mtu aliyeziba masikio huwa anapaza sauti bila kujua, kwa sababu hajisikii vizuri. Jirani wa kompyuta hasikii anachosema binti yako, lakini anasikia majibu yako yote. Ukiwa na neno zito, omba saa ambayo chumba kina watu wachache, au sogea kona. Au liandike, badala ya kulisema.

MASIKIO YA WATOTO

Wazazi, hedifoni hailii kwa uchungu wa sikio. Sikio linaharibika pole pole, na likishaharibika kwa kelele halirudi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kiasi salama hivi: kwa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Nyumbani hatuna kipimo cha desibeli, basi tumia kipimo hiki: mstari wa sauti usipite asilimia 60. Kama wewe umekaa pembeni na unasikia wimbo ulio masikioni mwa mtoto, amezidisha. Kama baada ya kuvua masikio yanapiga filimbi, amezidisha sana, apumzike.

Na anayeangalia jiko la kuni au mtoto mchanga, asizibe masikio yote mawili. Sikio moja liachwe kwa ajili ya nyumba.

UKIENDA KUNUNUA

Hedifoni nyingi sokoni zimebandikwa majina makubwa ambayo si yake. Hatuwezi kuwaambia nunueni hii au ile. Tunawaambia: usilipe kabla ya kujaribu. Mwambie muuzaji kwa upole, "Ndugu yangu, hebu tuunganishe na simu yangu hapa hapa." Sikiliza kulia, sikiliza kushoto. Piga simu kwa mtu, muulize kama anakusikia. Chomeka chaja, uone taa ya kuchaji inawaka. Tembea hatua kumi uone kama inakatika. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Na kama mtoto anasoma tu na hapigi simu, hedifoni ya waya ya bei ndogo bado ni kitu kizuri: haichajiwi, haioanishwi, na wala haimfuati mtu nje.

KATA HAPA, UBANDIKE UKUTANI

Kabla:
1. Hedifoni ina chaji?
2. Bluetooth ya simu imezimwa?
3. Kwenye orodha ya kompyuta kuna kifaa cha mtu mwingine? Kiondoe.
4. Spika za kompyuta ziko sifuri?

Kuunganisha:
5. Shikilia kitufe mpaka taa ipepese haraka.
6. Settings, Bluetooth, Add device.
7. Bofya jina, ngoja "Connected".
8. Chagua hedifoni kwenye alama ya spika.
9. Jaribu kwa wimbo, sikiliza kama chumba kiko kimya.

Ukimaliza:
10. Remove device, Yes.
11. Zima hedifoni.
12. Mkaribishe anayefuata.

Hayo kumi na mawili si mengi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyafanya, na akishayajua atamfundisha bibi yake. Wasimamizi wa vyumba vya kompyuta, tunawaomba muyabandike karatasi hii karibu na kila kompyuta, na mwenye kujua Kirundi au Kinyarwanda aitafsiri chini yake kwa kalamu.

Mama uliyetuandikia, pole kwa yaliyokupata. Swali lako limesaidia wengi, na jina lako halikuandikwa hapa, kama ulivyoomba. Tunatumaini utakaa tena mbele ya kompyuta ile na kuongea na binti yako bila hofu.

Maswali mengine yaandikeni kwa Kiswahili, Kifaransa au Kirundi, myatumbukize kwenye sanduku. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaangalia kwa nini betri ya simu inavimba inapochajiwa kwa sola, na lini ni hatari kuendelea kuitumia.

Kaeni salama.

Fundi wenu